Rejeta Ndogo ya Hita na Kazi ya Kuibadilisha Nyumbani

Watu wengi wa nchi za joto huihesabu hita ya gari kuwa ni pambo tu lililokuja pamoja na gari kutoka Japani au Ulaya, na kwa hivyo siku inapoanza kuvuja, fundi wa gereji huchukua kipande cha mpira, akaiunganisha ile mipira miwili inayoingia chumbani mwa gari, maji yakarudi kwenye injini pasi na kupita ndani, naye mwenye gari akalipa ujira mdogo na kushika njia yake. Kwa mkazi wa Tanga au Mombasa hila hiyo haina dhara kubwa, maadamu mipira imeunganishwa wala haikuzibwa, kwani katika baadhi ya injini njia ya hita ni sehemu ya mzunguko wenyewe wa kupoza. Walakini yuko msomaji mwingine, akaaye Kinangop au Makete, ambaye alfajiri ya Julai huweza kuamka akakuta sakitu juu ya majani. Na yuko ndugu yetu aliyehamia Minneapolis au Toronto, ambako Januari huleta baridi isiyovumilika hata kwa mwenye koti zito. Kwa hao hita ni chombo cha usalama kabla ya kuwa chombo cha raha, kwa sababu hewa kavu ya moto ndiyo iondoayo ukungu na barafu kwenye kioo cha mbele, na dereva asiyeiona njia hana haki ya kuliondoa gari. Nazo sheria za usalama wa magari za Marekani zimelifanya kuwa sharti kwamba kila gari la abiria liwe na chombo cha kukisafisha kioo hicho.

Makusudio yangu ni kumwonyesha msomaji huyo kwamba kazi ya kubadilisha rejeta ya hita, ambayo gereji humtoza fedha nyingi kwa ajili ya wingi wa saa na siyo kwa ajili ya ugumu wa ufundi, aweza kuifanya mwenyewe uani kwake. Ila kwa masharti mawili, kwamba apate yakini ya ugonjwa kabla hajagusa skrubu ya kwanza, na kwamba asiitie rejeta mpya katika maji yale yale yaliyoiua ile ya kwanza.

Hita yenyewe ni rejeta ndogo, kadiri ya kitabu kinene, iliyofichwa nyuma ya dashibodi ndani ya kasha la plastiki. Maji ya moto hutoka kwenye injini kwa mpira mmoja, yakapenya ukuta wa chuma uitengao injini na abiria, yakapita katika vijibomba vyembamba vilivyozungukwa na mapezi, kisha yakarejea kwenye injini kwa mpira wa pili, ilhali feni inapuliza hewa baina ya mapezi hayo na kuileta miguuni au kiooni. Ndani ya kasha hilo mna mlango mdogo, ugeuzwao kwa kitufe cha baridi na moto, ambao ndio unaoamua hewa kiasi gani ipite kwenye rejeta na kiasi gani iiepuke. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani ilitoa hita iliyovuta hewa safi kutoka nje, ikaichuja, ikaipasha moto kwa maji ya injini, na magari mengi yaliyokuja baadaye yamefuata njia hiyo. Ghairi ya magari kama Volkswagen ile ya mviringo yenye injini nyuma, ambayo hupozwa kwa hewa na haina maji wala rejeta, na mwenye nayo hana haja ya kuendelea kusoma makala haya.

Rejeta iliyotoboka hujulikana kwa alama kadhaa, ambazo ni nadra kuja zote kwa pamoja. Huanza aghalabu kwa harufu tamu inayozidi feni inapowashwa. Kisha kioo cha mbele hufunga ukungu wenye unto, ambao ukiufuta kwa kitambaa huacha utando badala ya kutakata. Zulia la mbele, hasa upande wa abiria, huloa. Na maji ya rejeta kubwa hupungua kila wiki bila ya tone kuonekana chini ya gari. Usihukumu kwa zulia peke yake, kwa kuwa kiyoyozi kilichozibwa kijibomba chake cha kutolea maji huliloanisha vile vile, na mvua ipitayo kwenye mpira wa kioo hufanya kama hivyo. Gandamiza karatasi nyeupe juu ya zulia ukaitazame: maji ya kiyoyozi na ya mvua hayana rangi na hukauka upesi, ilhali maji yenye dawa ya rejeta, ambayo mafundi huiita kulanti, huwa na rangi ya kijani, nyekundu, buluu au waridi, huteleza baina ya vidole, na hukawia kukauka. Usiyaonje asilani, kwani ethilini glikoli iliyomo ndani yake ni sumu, licha ya utamu wake.

Ama ikiwa hakuna uvujaji bali hewa inatoka baridi, hapo tahadhari na izidi maradufu, maana sababu zake ni nyingi, na ile ya kulazimu kuifumua dashibodi ni moja tu miongoni mwazo. Tazama kwanza kama maji yamepungua kwenye rejeta kubwa, injini ikiwa imepoa, kwa kuwa hita ikaapo juu huwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kukosa maji na kujaa hewa. Tazama kipimo cha joto: injini isiyofikia joto lake la kawaida, ambalo kwa magari mengi ni baina ya nyuzi 80 na 95, huenda themostati yake imekwama wazi, na kipuri hicho cha bei nafuu hubadilishwa kwa muda mfupi. Kisha, injini ikiwa moto na kitufe kimegeuzwa mpaka mwisho wa joto, ishike mipira yote miwili pale inapoingia ukutani, ukijihadhari na feni na mikanda. Ikiwa yote ni ya moto sawasawa, maji yanapita kama yapasavyo, na aibu iko kwenye ule mlango mdogo wa ndani au waya wake. Ikiwa mmoja ni wa moto na wa pili ni vuguvugu, rejeta imeziba, au valvu yake haifunguki. Ikiwa yote ni baridi, maji hayafiki, basi tafuta hewa iliyonaswa, valvu iliyofungwa, au pampu ya maji iliyolika.

Rejeta iliyoziba bila ya kuvuja yastahiki kuoshwa kabla ya kuhukumiwa. Ifungue ile mipira upande wa injini, uunge mpira wa bustani kwenye njia ya kutokea, ili maji yaende kinyume cha mwendo wake wa kila siku na kuusukuma uchafu kule ulikoingilia, na uyafungue polepole, kwa maana chombo hiki kimeundwa kustahimili kani ya mfuniko wa rejeta, ambayo haizidi sana bari moja, na bomba la mjini lililofunguliwa kwa nguvu zote laweza kuitoboa rejeta ambayo kosa lake lilikuwa kuziba tu. Osha mpaka maji yatoke safi, geuza upande, osha tena. Ama zile poda na dawa za kuziba matundu zinazouzwa kwa vikopo, nawasihi wasomaji wajiepushe nazo: haziwezi kupambanua baina ya tundu na kijibomba chembamba, na kwa kuwa vijibomba vya hita ni vyembamba mno, aghalabu huko ndiko zinakokwenda kuganda.

Hapa namwomba msomaji atulie nami kitambo, kwa sababu ndipo lilipo shina la jambo zima. Rejeta ya hita huuawa, mara nyingi kuliko sababu nyingine yoyote, na maji yanayopita ndani yake. Gari lifikapo bandarini lina kulanti iliyotiwa huko lilikotoka. Siku ya kwanza maji yanapopungua, mtu huongeza maji ya bomba, siku ya pili ya kisima, na baada ya mwaka mmoja au miwili dawa imechujuka hata haina nguvu, kwa dhana kwamba kulanti ni kinga ya kuganda tu, na kwamba palipo na jua la mwaka mzima haihitajiki. Dhana hiyo imeharibu magari mengi. Ni kweli kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda mpaka kwenye nyuzi 37 chini ya sifuri, na hilo ni faida ya watu wa Minneapolis. Lakini mchanganyiko huo pia huinua kiwango cha kuchemka, na zaidi ya hayo umetiwa viungo vinavyozuia kutu na ulikaji wa alumini, shaba, lehemu na chuma, ambavyo vyote hukutana katika mzunguko mmoja. Maji matupu hayana kinga hiyo. Maji magumu huacha mawe ndani ya vijibomba, na maji ya visima vya pwani, yenye chumvi ya bahari, huila alumini kwa haraka, ikaanza kutoboka mahali usipoweza kupaona.

Kwa hivyo, yeyote aishiye popote, aridhie gharama ya kulanti ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari lake, aichanganye na maji yaliyotoneshwa, na aibadilishe kwa wakati wake: ile ya zamani ya kijani takriban kila miaka miwili, na nyingi za aina mpya za maisha marefu takriban kila miaka mitano. Asichanganye aina mbili kwa kuangalia rangi peke yake, maana rangi si dalili ya yakini, na baadhi ya aina zikikutana huganda kama uji. Yale maji yaliyotoneshwa huuzwa kwetu kwa jina la maji ya betri. Soma maandishi ya chupa vizuri usije ukachukua asidi ya betri, kwani dukani huweza kukaa kwenye rafu moja. Na iwapo rejeta ya hita hutoboka tena na tena hata kwa kulanti njema, chukua kipima umeme, tumbukiza ncha nyekundu ndani ya maji ya rejeta bila ya kugusa chuma, shika ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, kwanza injini ikiwa imezimwa na kisha ikiwa inanguruma na taa zimewashwa. Ukiona zaidi ya volti 0.3, tafuta waya wa hasi uliolegea au ulioshika kutu, kwa maana umeme uliokosa njia yake unapita katika maji na kula madini kutoka ndani.

Sasa tuje kwenye kazi. Usiagize rejeta kwa jina la gari tu, bali kwa nambari ya chasi, na ifikapo iweke kando ya ile ya zamani mara utakapoitoa, ulinganishe upana, unene, na hasa upindo wa yale mabomba mawili, kwa sababu upindo uliokosea kidogo hutosha kuyazuia mabomba yasitokeze ukutani. Rejeta za kale za shaba zaweza kulehemiwa na fundi wa marejeta, na mwenye gari la miaka hiyo asiharakishe kuitupa yake. Zile za alumini zenye vichwa vya plastiki hazilehemiki kwa faida yoyote. Nunua pamoja nayo mipira mipya miwili na vifungo vyake, ambavyo gharama yake ni ndogo kwa kulinganisha na taabu ya kurudi huko baada ya miezi sita. Tena uulize kwanza kama gari lako laihitaji adha ya dashibodi: mwenye Land Rover Defender ya zamani ana kasha la hita chini ya boneti, wala hana sababu ya kuingia ndani, na yako magari mengine ambayo rejeta hutolewa kando ya miguu ya dereva kwa kufungua kifuniko kimoja.

Lakini magari mengi ya leo hayana insafu hiyo, na asiyekuwa fundi ajitayarishie siku mbili. Gari likiwa limepoa kabisa, magurudumu ya mbele yameelekea mbele sawasawa, fungua waya wa hasi wa betri na uende ukanywe chai, kwa kuwa eabegi hubakiwa na umeme wa akiba baada ya betri kutenganishwa; Toyota huagiza kungoja sekunde 90 au zaidi, wengine huagiza zaidi ya hapo, na mwenye hekima hungoja nusu saa, kwani kuchelewa hakumdhuru mtu. Eabegi iliyotolewa huwekwa uso wake ukitazama juu, mbali na watoto, na usukani uliotolewa haugeuzwi hata kidogo, kwa ajili ya utepe mwembamba wa umeme uliomo ndani yake ambao hukatika ukizungushwa kupita kiasi. Ama gesi ya kiyoyozi, ikiwa kasha la hita limeungana na la kiyoyozi na mabomba yake lazima yafunguliwe, hiyo si kazi ya nyumbani: lipeleke gari kwanza kwa mwenye mashine ya kuivuta, kwa sababu huchoma macho na ngozi kwa baridi yake kali, hudhuru anga, na kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa la kisheria huko Marekani.

Mwaga maji ya rejeta katika beseni pana, kisha ukate ile mipira miwili ya hita kwa wembe, kwa urefu, ukaimenye kutoka kwenye mabomba, wala usiivute wala kuizungusha kwa koleo, maana kuna mtu aliyeanza kazi hii akiwa na mpira uliovuja akaimaliza akiwa na bomba lililovunjika. Maji yaliyobaki ndani ya rejeta yatoe kwa kupuliza hewa kidogo ya pampu ya baiskeli katika bomba moja, huku umeshika chombo kwenye la pili. Usipulize kwa kinywa, kwa ile sababu ya sumu. Kufanya hivyo huyaokoa mazulia na mafuriko wakati wa kuitoa.

Kuifumua dashibodi ni kazi ya subira zaidi kuliko nguvu. Kila kipande kilichotoka piga picha yake kikiwa bado mahali pake, na kila kikundi cha skrubu kitie katika kikombe chake kilichoandikwa, kwa kuwa skrubu ndefu ikirudishwa mahali pa fupi hupenya plastiki na pengine waya ulio nyuma yake. Huanza kisanduku kilicho mbele ya abiria, redio, vifuniko vya chini ya usukani na sanduku la katikati lililozunguka gia; kisha nguzo ya usukani hushushwa na kupumzishwa juu ya kiti kilichotandikwa blanketi; mwisho dashibodi nzima huvutwa nyuma na watu wawili. Ikikataa kutoka, iko bolti uliyoisahau, mara nyingi pembeni karibu na mlango au chini ya kioo, na aliyevuta kwa hasira hupata ufa usiozibika. Plastiki ya gari la zamani huwa kavu na dhaifu. Kulianika gari juani kwa saa moja kabla ya kuanza, au kulitia katika banda lenye joto kwa wale wa nchi za baridi, hulainisha vishikizo vyake.

Kasha likiwa wazi, usikimbilie kutia kipya. Toa majani, vumbi na ukoga uliolundikana humo kwa miaka, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, ugeuze ule mlango mdogo kwa mkono uone kama unafika mwisho wa pande zote mbili, na mpira wa sifongo uliouzunguka ukiwa umekwisha kuwa unga, uubandike mwingine leo, maana nafasi hii haitarudi kwa wepesi. Rejeta mpya nayo izungushie sifongo kingo zake zote, ili hewa isipate njia ya kuipitia kando bila ya kupata moto. Kabla ya kuiingiza, ziba bomba moja, ichovye katika ndoo ya maji, upulize kwa ile pampu polepole katika bomba la pili. Kipya cha kiwandani huweza kuwa na tundu, na viputo ndani ya ndoo ni habari njema kuliko maji juu ya zulia.

Likiisha kasha kufungwa na mipira kuungwa, usiirudishe dashibodi. Nazidisha mkazo hapa kwa kuwa watu wengi hupatwa na pupa wakati huu, kazi ikionekana kwisha. Tia maji katika mfumo, funga pampu ya mkono ya kupimia kwenye shingo ya rejeta kubwa, ambayo baadhi ya maduka ya vipuri ya Marekani huiazima kwa amana na gereji nyingi za kwetu zinayo, uijaze kani iliyoandikwa juu ya mfuniko, aghalabu bari 0.9 au 1.1, na ungoje nusu saa huku ukitazama sindano na kupapasa viungo kwa karatasi kavu. Kipimo hiki kina fadhila moja zaidi, kwamba hakihitaji kuwasha ufunguo wakati waya za eabegi zimefunguliwa, jambo ambalo huiwasha taa ya hitilafu isiyozimika bila ya chombo cha fundi. Sindano ikisimama pale pale, ndipo uurudishe kila kitu, ukiunga waya zote kwanza na betri mwisho kabisa.

Baki ya kazi ni kuitoa hewa. Pua ya gari ikiwa imeinuka, mlimani au juu ya ngazi za kupandishia, mfuniko ukiwa wazi tangu injini ingali baridi, washa injini, geuza hita mpaka mwisho wa joto, ukaongeze maji kadiri viputo vinavyotoka, mpaka themostati ifunguke na mpira wa rejeta kubwa uwe wa moto, ndipo ufunge. Magari mengine yana skrubu maalumu ya kutolea hewa, na kitabu chake hueleza ilipo. Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, tazama tena kiwango cha maji, na urudie kutazama kwa wiki nzima.

Zulia lililoloa kulanti halikauki kwa kufunguliwa milango, kwa kuwa glikoli huvuta unyevu badala ya kuuachia. Ling'oe pamoja na sifongo lake la chini, ulifue kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, uifute na sakafu ya chuma iliyo chini yake kabla haijashika kutu. Na kioo cha mbele kipanguswe kwa spiriti, kisha kwa karatasi kavu, mpaka utando wa mafuta uishe. Yale maji ya zamani yaliyomo beseni usiyamwage mtaroni wala chini ya mwembe, kwani paka, mbwa na hata watoto huvutwa na utamu wake, na kiasi kidogo chaweza kumuua mnyama: yatie katika dumu lenye kizibo, andika juu yake neno la sumu kwa herufi kubwa, ulifungie mahali pa juu, na ulipeleke kwenye gereji inayokusanya mafuta machafu na kulanti ya zamani.